Dawa za Shinikizo la Damu na Kinga ya Mwili: Niliyojifunza kwa Gharama Kubwa

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa mandir siku ya upimaji wa afya, wiki ya maadhimisho ya miaka 75)



Awali ya yote, naishukuru Kamati kwa kunipa heshima ya kuzungumza nanyi katika wiki hii ambayo mandir yetu inatimiza miaka 75. Wazee walioijenga walichanga shilingi kwa shilingi, wengi wao wakiwa na maduka madogo yasiyozidi chumba kimoja. Walitaka pawepo mahali pa kumwabudu Mungu na mahali pa kusaidiana. Upimaji wa leo ni sehemu ya nia yao hiyo.

Pili, nawaomba radhi wazee waliotarajia kunisikia kwa Kigujarati. Nimechagua Kiswahili kwa makusudi. Shinikizo la damu, ambalo wengi wetu hulijua kwa jina la presha, halibagui jamii wala dini, na nusu ya waliopanga foleni asubuhi hii ni majirani zetu. Isitoshe, wajukuu zetu hapa Tanga huelewa Kiswahili upesi kuliko Kigujarati cha babu zao.

Tatu, mimi si daktari. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaingia dukani kwa baba, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kuuza saruji, mabati na misumari. Nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma, na kwa kuwauliza madaktari na wafamasia maswali mengi mpaka baadhi yao wakachoka nami. Daktari anayesimamia upimaji wa leo ameisoma hotuba hii na kunisahihisha nilipokosea.

Huenda mkauliza, kwa nini muuza saruji ajisumbue na mambo ya dawa? Nitawaeleza.

Mwezi Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini mwetu, nilipokea ujumbe katika simu. Ulisema kwamba dawa za presha humfungulia kirusi mlango na kuimaliza kinga ya mwili. Kwamba mwenye kuzimeza aziache mara moja, na badala yake anywe ukalo asubuhi na jioni. Sikumuuliza mtu. Niliutuma kwa ndugu na jamaa wote, na wa kwanza kuupokea alikuwa Motabhai, kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa amemeza vidonge vya enalaprili kwa miaka kumi na moja.

Motabhai aliniamini. Aliacha vidonge siku ile ile. Bhabhi akawa anamchemshia ukalo wa tangawizi, pilipili manga, tulsi, na jethimadh kwa wingi, ile mizizi mitamu inayolainisha koo. Wiki za mwanzo alijisikia vizuri. Hata kikohozi chake kikavu, kilichokuwa kikimsumbua kwa miaka, kilitoweka, nasi tukasema: tazameni, kinga inarudi. Katika wiki ya saba, akiwa anafungua mlango wa duka, funguo zilimponyoka mkononi na mdomo ukaenda upande. Tulipofika hospitali presha yake ilikuwa 220/130. Ilikuwa kiharusi.

Leo ameketi pale safu ya mbele. Mkono wake wa kulia haujarudi kuwa kama zamani, na maneno humjia polepole. Nilipomwomba ruhusa ya kuyasimulia haya mbele yenu, alinijibu kwa neno moja tu: Waambie.

Basi nawaambia.

Tuanze na neno lenyewe, kinga. Sisi tulioishi miaka ya mwanzo ya UKIMWI tulifundishwa kwamba kinga ikishuka mtu huangamia. Fundisho lile lilikuwa la kweli, na liliokoa wengi. Lakini lilituachia hofu kubwa juu ya neno hilo. Leo mtu akiambiwa kwamba dawa fulani inashusha kinga, haulizi tena, huitupa. Ndiyo maana ujumbe ule ulisambaa kwa kasi.

Kinga ni kazi ya chembe nyeupe za damu pamoja na viungo vinavyozizalisha na kuzielekeza. Walimu wetu waliziita askari wa mwili, nami nitalitumia jina hilo. Askari wema wana sifa mbili: humpiga adui anapoingia, na hutulia adui asipokuwapo. Tunaikumbuka sifa ya kwanza na kuisahau ya pili. Askari wanaopiga risasi nyumbani kwao wenyewe ni hasara sawasawa na askari waliolala.

Shinikizo la damu nalo, mimi hulielewa kwa mfano wa mabomba ninayoyauza. Pampu ikisukuma maji kwa nguvu kupita kiasi katika mabomba membamba, bomba halipasuki siku ya kwanza. Huchoka ndani kwa ndani, viungio hulegea, na siku moja huachia. Mwilini pampu ni moyo, mabomba ni mishipa, na mahali panapoachia aghalabu ni ubongo, figo au moyo wenyewe.

Je, askari na mabomba vina uhusiano gani? Nilidhani havina. Mwaka 2007 wanasayansi nchini Marekani walitoa taarifa juu ya panya waliozaliwa bila kundi muhimu la chembe nyeupe. Waliwapa angiotensini, kemikali ambayo miili yetu pia huitengeneza na ambayo hubana mishipa. Panya wa kawaida walipanda presha sana; wale wasio na chembe hizo walipanda kidogo tu. Waliporudishiwa aina moja ya chembe zile, presha ikapanda kama ya wenzao. Maana yake ni kwamba angiotensini haibani mishipa tu, bali pia huwachokoza askari. Nao askari waliochokozwa huingia katika kuta za mishipa na katika figo, wakawasha uvimbe wa ndani usioonekana kwa macho, na presha ikazidi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la ujumbe nilioutuma. Dawa ya Motabhai ilikuwa kati ya zile zinazoipunguza angiotensini. Badala ya kuwaua askari, ilikuwa inawaondolea uchokozi.

Sasa nizipitie dawa hizi kundi kwa kundi, maana neno "dawa za presha" ni kama neno "vifaa vya ujenzi": ndani yake mna vitu visivyofanana kabisa.

Kundi la kwanza ni la dawa ambazo majina yake huishia na -prili: kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, ramiprili. Asili yake itawafurahisha wale wanaomheshimu Naga siku ya Nag Panchami. Zilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaka, na ya kwanza ya vidonge, kaptoprili, iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Dawa hizi huzuia kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini. Ndugu zao ni dawa zinazoishia na -satani, kama losatani, ambazo huiacha angiotensini itengenezwe lakini huiziba isishike mahali pake. Makundi yote mawili hupunguza uvimbe wa ndani, na ni miongoni mwa sababu za madaktari kuzitumia kulinda figo za wenye kisukari.

Lakini dawa za -prili zina jambo ambalo lazima mlijue. Kimeng'enya kile kina kazi ya pili, nayo ni kuivunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini hujikusanya, na mtu hupata kikohozi kikavu, cha kuwasha kooni, kisicho na homa wala makohozi. Hutokea kwa watu kati ya 5 na 20 katika kila 100. Hicho ndicho kilichokuwa kikohozi cha Motabhai. Tulikitibu kwa asali na kwa jethimadh miaka mingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtajia daktari. Kumbe angetaja tu, angebadilishiwa akapewa dawa ya kundi la -satani, ambalo ni nadra kuleta kikohozi hicho. Na kilipokoma baada ya kuacha vidonge, hatukuwa tukiona kinga ikirudi. Tulikuwa tukiona dawa ikitoka mwilini.

Bradikinini hiyo hiyo inaweza kuleta jambo la hatari: midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Hutokea kwa chini ya mtu mmoja katika kila 100, nalo huwapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika, kwa hiyo majirani zangu nisikilizeni vizuri hapa. Linaweza kuja mwezi wa kwanza, au baada ya miaka ya kumeza dawa bila tatizo. Likitokea, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa ile ile, na usiimeze tena dawa hiyo. Ni nadra pia kwa dawa za kundi hili kushusha idadi ya chembe nyeupe. Hilo limeonekana hasa kwa kaptoprili, kwa wagonjwa wenye figo mbovu pamoja na maradhi ya mwili kujishambulia. Wagonjwa wa aina hiyo daktari huwapima damu.

Kundi la pili ni la dawa zinazoishia na -ololi, kama atenololi na bisoprololi. Hupunguza kasi ya moyo kwa kuzuia nguvu ya adrenalini. Haziwalazi askari. Ila mwenye pumu zinaweza kumbana kifua, mwenye ugonjwa wa ngozi ya magamba unaweza kumzidia, na aliyepatwa na mzio mkali, kwa mfano wa nyuki au wa karanga, sindano ya adrenalini inaweza isimfae upesi. Basi mwambie daktari wako mambo hayo kabla hajakuandikia.

Kundi la tatu ni vidonge vya kukojoza, na la nne ni amlodipini na wenzake. Kwa haya sitakawia. Hayajulikani kuidhoofisha kinga. Vya kukojoza vinaweza kuifanya ngozi iungue jua kwa urahisi, na amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Uvimbe huo si mzio wala si maji ya figo. Ni mishipa midogo iliyolegea.

Kundi la tano ni dawa mbili za zamani, na hapa tuseme kweli: hizi huwagusa askari waziwazi. Hidralazini, hasa ikitumiwa kwa miezi mingi na kwa vipimo vikubwa, inaweza kuwachanganya askari wakaanza kuushambulia mwili wenyewe. Mgonjwa huumwa viungo, hupata homa na uchovu, hali inayofanana na ugonjwa wa lupasi. Nayo aghalabu huondoka dawa inapoachishwa kwa uangalizi. Methildopa, ambayo kina mama wajawazito wenye presha wengi wameimeza, huwafanya baadhi ya watumiaji watengeneze silaha dhidi ya chembe zao nyekundu za damu. Kipimo cha maabara huonyesha hivyo kwa watu 10 hadi 20 katika kila 100, ijapokuwa wanaopungukiwa damu kweli kwa sababu hiyo hawafiki hata mmoja. Dawa hizi mbili zimeokoa mama na watoto wengi mno. Nimezitaja ili mama akiumwa viungo au macho yakiwa ya manjano aseme, na si ili azitupe.

Narudi sasa kwenye swali la mwaka 2020. Hofu ile ilikuwa na mbegu ya hoja ndani yake. Kirusi cha korona huingia katika chembe zetu kupitia mlango ambao una udugu na kimeng'enya kile cha angiotensini, na baadhi ya wataalamu walijiuliza kama dawa za -prili na -satani huongeza milango hiyo. Lilikuwa swali halali la wataalamu. Kosa ni kwamba sisi tuligeuza swali kuwa amri. Tarehe 13 Machi 2020, chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya kiliwataka wagonjwa waendelee na dawa zao, maana hapakuwa na ushahidi wa madhara. Mimi sikukiona chama hicho katika simu yangu. Niliona ujumbe wa rafiki wa rafiki.

Wataalamu hawakuishia kwenye kujiuliza. Nchini Brazili walichukua wagonjwa 659 wa korona waliolazwa hospitali ambao tayari walikuwa wakimeza dawa hizo, wakawagawa kwa kura: nusu waliachishwa dawa kwa siku 30, nusu waliendelea. Matokeo yalichapishwa Januari 2021. Siku ambazo wagonjwa waliishi nje ya hospitali zilikaribiana katika pande zote mbili. Kuacha dawa hakukumfaa mtu. Utafiti mwingine wa wagonjwa 152 ulitoa jibu hilo hilo. Jibu lilipopatikana, Motabhai alikuwa amekwisha kujifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto.

Najua baadhi ya wazee wetu wanasema moyoni: huyu amegeuka, anazidharau dawa za asili zetu. La hasha. Mti wa sarpagandha umetumiwa na mavaidya wa India kwa karne nyingi. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, aliandika katika jarida la madaktari wa moyo la Uingereza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa presha kwa mzizi wake. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi waliitoa ndani yake dawa iitwayo reserpini, iliyotumika dunia nzima. Heshima hiyo ni yetu. Lakini tazameni alichofanya Dakta Vakil: alipima, akaandika, akaonyesha faida na kasoro. Hakutuma ujumbe tu.

Mzizi wenye nguvu ya kushusha presha unaonyesha kwamba kunaweza kuwapo mzizi wenye nguvu ya kuipandisha. Upo, nao ni jethimadh. Ukinywewa kwa wingi kila siku huufanya mwili ushike chumvi na maji na kupoteza madini ya potasiamu, na presha hupanda. Hivyo Motabhai alikuwa ameondoa breki na kukanyaga mafuta kwa wakati mmoja, na sote nyumbani tulidhani tunamkinga. Bhabhi alilia alipoelezwa na daktari. Nilimwambia, na leo namwambia tena mbele yenu: Bhabhi, kosa si lako. Ujumbe ulitoka kwangu.

Kama mnataka kuilinda kinga kwa kweli, wapo wezi wake wanaojulikana. Sukari isiyodhibitiwa huwadhoofisha askari. Tumbaku kadhalika, hata ile ya kutafuna. Vidonge vya prednisoloni, ambavyo watu wengine hujinunulia ili wanenepe au wapone ngozi, huwalaza askari na kupandisha presha pia. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ijapokuwa si wezi wa kinga, hupandisha presha, na zikichanganywa na dawa ya -prili na kidonge cha kukojoza zinaweza kuziumiza figo.

Nimalizie kwa mambo manne ya kufanya.

Moja: usiache kidonge kwa sababu ya ujumbe. Ukiwa na shaka, beba kidonge na ujumbe wako uende kwa daktari au mfamasia. Kuuliza si ujinga.

Mbili: kila dalili mpya iseme. Kikohozi kikavu, midomo kuvimba, viungo kuuma, ngozi kubadilika. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tatu: taja kila unachokunywa, ikiwemo ukalo na dawa ya vaidya. Daktari hawezi kukisia kilichomo katika sufuria yako. Na wenye kufunga, iwe Ekadashi au Ramadhani, wapange saa za vidonge pamoja na daktari kabla ya mfungo. Maana kidonge cha kukojoza na siku nzima bila maji havipatani.

Nne: angalia chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kasoro ya kijiko kimoja cha chai. Papad, athanu na ganthia zetu huimaliza hesabu hiyo kabla ya chakula cha mchana. Sisemi tuache, nasema tupunguze, nami naanza na maduka yangu mawili, ambako sahani ya ganthia kwa wateja imeondolewa.

Ndugu zangu, mashine za kupimia ziko pale kwenye veranda hadi saa kumi jioni, na hakuna malipo. Mashine moja itabaki hapa mandir daima, kila Jumapili baada ya aarti, kwa ajili ya yeyote, awe wa jamii yetu au jirani. Motabhai ndiye aliyeinunua. Ameomba akae kando yake kila Jumapili, na atakayesita kupima aelekezwe kwake.

Mungu awajalie afya na maisha marefu.  Jai Shri Krishna.